William McGregor, Muuza Vitambaa Aliyeanzisha Ligi

Katika kurasa hizi za Kiswahili wenzangu wameandika habari za wafalme, za wavumbuzi na za majemadari. Mimi nimechagua muuza vitambaa. Jina lake ni William McGregor. Hakuwa mchezaji hodari wa mpira, wala hakuna bao lake linalokumbukwa na mtu yeyote. Hata hivyo, kila mara mtu asemapo kwamba Jumamosi ijayo timu fulani itacheza na fulani katika kiwanja fulani, naye akaamini kuwa itakuwa hivyo, anatumia mali iliyotoka katika kichwa cha bwana huyu. Hapa shuleni wako wanaoweza kutaja majina ya washambuliaji kumi na watano wa Ulaya bila kupumua, lakini nilipowauliza juu ya McGregor walinitazama tu. Ndiyo sababu nimeandika.

Alizaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Braco, huko Perthshire, nchi ya Uskoti. Alijifunza kazi ya kuuza nguo, na mwaka 1870 akamfuata kaka yake Peter katika mji wa Birmingham, uliopo katikati ya Uingereza, sehemu waiitayo Midlands. Wakafungua duka la vitambaa. Birmingham ulikuwa mji wa viwanda vya chuma na shaba: bunduki, vifungo, vitanda vya chuma, na zaidi ya yote nibu za kalamu. Wazee waliosoma zamani, walioandika kwa kuchovya wino, huenda waliandika kwa nibu za Birmingham bila kujua.

Watu wa viwanda hivyo walifanya kazi kwa saa nyingi, ila siku ya Jumamosi walikwisha kupata desturi ya kuachiwa mchana. Hapo ndipo penye asili ya mambo yote ninayotaka kueleza. Mtu ana mshahara wa juma mfukoni, ana saa kadhaa mbele yake kabla ya giza, na hataki kwenda nyumbani kukaa. Mwingine alikwenda kulewa. Mwingine alikwenda kutazama mpira.

McGregor hakunywa pombe kabisa. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye ndevu nyingi na tabia ya upole, na watu walimwamini katika mambo ya fedha. Mwaka 1877 akajiunga na klabu changa iliyoitwa Aston Villa. Klabu hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Kimethodisti la Villa Cross, waliokuwa wakicheza kriketi wakati wa joto na kutafuta mchezo wa kuwapasha moto wakati wa baridi. Walikuwako Waskoti wenzake ndani yake, hasa George Ramsay, fundi wa kupiga chenga, naye McGregor akajisikia yuko kwao. Kwanza alikuwa mwamuzi wa upande wa Villa, kwa maana siku zile kila timu ilileta mwamuzi wake. Baadaye akawa mmoja wa wakubwa wa klabu.

(Hapa naomba msichanganye. Klabu ya SC Villa ya Kampala ni nyingine, iliyoanza mwaka 1975 kwa jina la Nakivubo Boys. Nimesikia watu wakibishana juu ya Villa mbili hizi kwa muda mrefu bila kujua kwamba kila mmoja anazungumza habari za yake.)

Duka lake likawa baraza. Aliuza fulana za mpira, na wapenzi wa mchezo wakaja kununua, wakakaa, wakasema maneno mengi juu ya mechi iliyopita, kama vile watu wafanyavyo kwetu kwa kinyozi. Naona kwamba elimu yake kubwa aliipata pale. Mchezaji husikia kelele za watazamaji kwa mbali tu. Mwenye duka husikia malalamiko yao siku ya Jumatatu, mmoja mmoja, akiwa amesimama na kipimo cha nguo mkononi.

Malalamiko yenyewe yalikuwa haya. Siku zile mpira ulikuwa na mashindano ya Kombe la Chama cha Mpira, yaliyoanza mwaka 1871, na vikombe vya majimbo. Lakini timu iliyotolewa katika kombe ilikuwa imekwisha; haikuwa na shughuli nyingine ila mechi za kirafiki. Na mechi ya kirafiki ilikuwa kama ahadi ya mtu mwenye madeni. Makatibu walikubaliana kwa barua, matangazo yakabandikwa ukutani, watu wakalipa kiingilio, kisha simu ya maandishi ikaja kwamba wageni hawawezi kufika, kwa kuwa wana mechi ya kombe ya kurudia, au wamepata mwaliko wenye fedha nyingi zaidi mahali pengine. Au wageni walikuja na wachezaji pungufu, wakaazima watu miongoni mwa watazamaji. Au walichelewa hata giza likaingia kabla ya mchezo kwisha. Na hata walipofika, nguvu hazikulingana. Mwezi wa Oktoba 1887 timu ya Preston North End iliifunga Hyde mabao 26 kwa 0 katika kombe. Mtu anaweza kucheka mabao matano ya kwanza. Baada ya hapo sijui hao waliolipa walikuwa wakitazama nini.

Wasomaji wanaokaa hapa shuleni hawahitaji kufundishwa ubaya wa jambo hili. Muhula uliopita tulifyeka kiwanja siku mbili, tukachora mistari kwa chokaa, watoto wa kijijini wakaja na wazazi wao, mama mmoja akaleta sinia la maandazi kwa kuuza. Tulingoja tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Timu ya shule tuliyoialika haikuja wala haikutuma neno. Sisi wachezaji tulivua viatu, tukaenda zetu kuoga. Aliyepata hasara ni yule mama, maana maandazi ya jana hayanunuliwi. Nimemkumbuka mara nyingi wakati nikisoma habari za McGregor.

Kwa klabu za Uingereza hasara ilikuwa kubwa kuliko maandazi. Mwaka 1885 Chama cha Mpira kiliruhusu wachezaji walipwe mshahara, jambo ambalo McGregor aliliunga mkono, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakilipwa kwa siri na kila mtu alijua. Lakini mshahara huja kila juma, na kiingilio huja tu mechi ikichezwa. Klabu yenye wachezaji kumi na mmoja wa kulipwa na Jumamosi tatu tupu ilikuwa katika njia ya kufilisika. McGregor aliyajua hayo kwa macho yake, maana katika miaka ya shida ya Aston Villa husemwa kwamba ndiye aliyeiokoa na watu wa mahakama waliokuja kukamata vitu vyake kwa deni.

Tena haikuwa kwamba watazamaji hawapo. Mwaka 1887 Villa ilishinda kombe, ikiwafunga majirani zao West Bromwich Albion mabao 2 kwa 0, na mji ukajaa furaha. Tarehe 7 Januari 1888 Preston walikuja kucheza na Villa mechi ya kombe katika kiwanja cha Wellington Road, Perry Barr. Watu zaidi ya 20,000 waliingia katika mahali pasipoweza kuwachukua. Wakafurika mpaka ndani ya mistari ya uwanja, mchezo ukasimama, ukaanza, ukasimama tena, hata askari wapanda farasi wakasaidia kuwarudisha nyuma. Preston walishinda 3 kwa 1. Timu zilidhani kwamba mchezo uliovurugika namna ile ungehesabiwa kuwa wa kirafiki, lakini wakubwa wa Chama wakaamua kwamba ni mechi ya kombe halali, na Villa ikatolewa. Basi tazameni: katika mwezi wa Januari klabu yenye watazamaji wengi namna hiyo ikawa haina mashindano makubwa ya kucheza mpaka mwaka mwingine.

Siku hamsini na tano baadaye, tarehe 2 Machi 1888, McGregor akaandika barua. Aliipeleka kwa Blackburn Rovers, Bolton Wanderers, Preston North End, West Bromwich Albion, na kwa klabu yake mwenyewe. Shauri lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu hushangaa halikufikiriwa mapema. Klabu kumi au kumi na mbili zilizo hodari zikubaliane kuchezeana kila msimu, mara moja nyumbani na mara moja ugenini, katika tarehe zilizopangwa tangu mwanzo, na tarehe hizo zisivunjwe. Aliona mfano katika kriketi, ambako majimbo yalikuwa na desturi ya kutembeleana. Hakusema kwamba ametunga kitu kipya duniani. Alikuwa mfanyabiashara, alijua kwamba duka lisilofunguliwa kwa saa iliyoandikwa mlangoni hupoteza wateja wake hata kama lina nguo nzuri.

Tarehe 23 Machi wakakutana katika hoteli ya Anderton's, mtaa wa Fleet Street, London. Siku ile ilichaguliwa kwa akili, kwa kuwa kesho yake palikuwa na fainali ya kombe, na watu wa mpira wangekuwako mjini. Tarehe 17 Aprili wakakutana tena katika Royal Hotel ya Manchester, na hapo chama kikaundwa rasmi. Palikuwa na ubishi juu ya jina. Neno walilolichagua wengi, ambalo katika Kiswahili limekuwa ligi, McGregor hakulipenda, kwa sababu siku zile lilikumbusha watu chama cha Ayalandi kilichokuwa kikipigania ardhi na kuleta ghasia katika siasa. Alishindwa. Neno alilolikataa limevuka bahari likaingia katika lugha yetu, hata watoto wanaocheza kwa mpira wa matambara nyuma ya jiko wana ligi yao.

Klabu za kwanza zilikuwa kumi na mbili. Kutoka Lancashire, nchi ya viwanda vya pamba, walikuja Accrington, Blackburn Rovers, Bolton Wanderers, Burnley, Everton na Preston North End. Kutoka Midlands walikuja Aston Villa, Derby County, Notts County, Stoke, West Bromwich Albion na Wolverhampton Wanderers. Wapenzi wa Arsenal, Liverpool, Chelsea na Manchester United watafute majina yao mara mbili, hawatayaona. Manchester United waliingia mwaka 1892 wakiitwa Newton Heath, Arsenal na Liverpool mwaka 1893, na Chelsea ilikuwa haijazaliwa. Hakuna hata klabu moja ya kusini, kwa maana kule mabwana wengi waliona ni aibu mchezaji kulipwa.

Wengine waliomba wakakataliwa, miongoni mwao Nottingham Forest na klabu ya Sheffield iliyojulikana kwa jina la Wednesday. Jumamosi zilizopatikana zilitosha mechi 22 kwa kila timu, basi. Hapo sina budi kusema kwamba McGregor na wenzake hawakuwatendea wote sawa. Waliochaguliwa walipata uhakika, na walioachwa nje waliendelea na mechi zao za simu za maandishi. Wakaunda chama chao mwaka 1889, na mwaka 1892 kikaunganishwa na ligi kuwa daraja la pili. Miaka minne ni mingi kwa klabu maskini. Lakini sioni jinsi ambavyo mtu angeanza na klabu hamsini.

Tarehe 8 Septemba 1888 mechi tano za kwanza zikachezwa. Everton waliwafunga Accrington 2 kwa 1. Preston waliwafunga Burnley 5 kwa 2. West Bromwich walishinda 2 kwa 0 huko Stoke. Villa walikwenda Wolverhampton wakatoka sare 1 kwa 1. Na Bolton, wakiwa nyumbani mbele ya watu wao, wakatangulia kwa mabao matatu, kisha Derby wakawageuzia kibao na kushinda 6 kwa 3. Si kila mechi ilianza kwa saa yake siku ile; desturi za zamani hazifi kwa siku moja. Lakini zote tano zilichezwa.

Jambo moja linanifurahisha. Walianza kucheza kabla ya kupatana jinsi ya kuhesabu! Palikuwa na shauri la kuhesabu ushindi tu. Msimu ulikuwa umekwisha songa mpaka mwezi wa Novemba ndipo wakaamua kwamba ushindi ni pointi mbili na sare ni pointi moja, hesabu iliyotumika Uingereza mpaka 1981, ilipowekwa pointi tatu kwa ushindi. Tangu hapo msimamo ukawa jambo la kuchapwa magazetini na kubishaniwa njiani. Preston walimaliza mechi zote 22 bila kushindwa hata moja, wameshinda 18 na kutoka sare 4, pointi 40. Villa walikuwa wa pili kwa pointi 29. Klabu nne za mwisho ilibidi ziombe upya kukubaliwa, nazo zikakubaliwa.

Huenda mtu akasema kwamba Preston ndio waliostahili kuandikwa hapa. Walikuwa bora, nakubali, na mwaka ule ule wakachukua na kombe bila kufungwa bao. Lakini miaka miwili tu kabla ya hapo uhodari wao ungeonekana katika mechi za huku na huku, na hakuna mtu angeweza kuupima. Ubao wa McGregor ndio uliowapima. Tena ulimpima yeye mwenyewe, ukamwambia kwamba timu yake iko nyuma kwa pointi 11.

Yeye alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa ligi, kisha rais wake, na mwaka 1895 akafanywa mwanachama wa maisha, wa kwanza kupewa heshima hiyo. Watu wakamwita Baba wa Ligi. Aliendelea na duka lake na kanisa lake. Villa wakaanza kushinda: ubingwa wa 1894, 1896, 1897, 1899, 1900 na 1910, vyote yeye akiwa hai, na mwaka 1897 wakachukua ligi na kombe pamoja. Mwaka huo huo walihamia kiwanja kipya, ambacho ndicho Villa Park. Alikufa Birmingham mwezi wa Desemba 1911. Sijaona popote kwamba alitajirika kwa ligi.

Kwa kuwa baadhi ya wazee wetu waliopita hapa wamekwenda Uingereza kwa masomo au kazi, na wengine watakwenda, nataja mahali pachache. Anayefika Birmingham apande treni mpaka stesheni ya Witton, kisha aende kwa miguu. Nje ya Villa Park ataona sanamu ya McGregor iliyosimamishwa mwaka 2009, na karibu na hapo jumba la kale la Aston Hall, lililoanza kujengwa mwaka 1618. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la St Mary's, Handsworth. Kutoka Birmingham iko reli ya tramu inayokwenda Wolverhampton. Njiani kuna kituo cha The Hawthorns, kiwanja cha West Bromwich Albion tangu 1900, na mwishoni ni mji wa Wolves, wanaocheza Molineux tangu 1889. Klabu tatu kati ya zile kumi na mbili zimepangana hivyo, kiasi kwamba mgeni anaweza kuvifikia viwanja vyote vitatu kwa siku moja. Akitaka viwanja vikongwe zaidi aende kaskazini, Lancashire: Burnley wako Turf Moor tangu 1883, na Preston wako Deepdale tangu kabla ya ligi kuzaliwa. Accrington wale wa kwanza hatawaona. Walitoka katika ligi mwaka 1893, na haukupita muda klabu ikafa. Iliyopo leo kwa jina la mji huo ni nyingine.

Ila mgeni asiende bila kuuliza. Ratiba hutolewa mapema kabla ya msimu, kama McGregor alivyotaka, lakini siku hizi televisheni huzihamisha mechi kubwa kutoka Jumamosi mpaka Jumapili, au Jumatatu usiku, na tangazo la kuhamisha huja majuma machache tu kabla. Mwenye kununua tiketi ya treni aitazame tarehe mara mbili.